Uzito Umepanda, Neno Halijaja

Siku ya kliniki Nanyala huanza mapema, kabla msururu wa malori yanayokwenda mpakani Tunduma haujakaza barabarani. Akina mama wanafika kwa miguu au kwa bodaboda, mtoto mgongoni, kadi imekunjwa ndani ya khanga. Mtoto anavuliwa, anatundikwa kwenye mzani, analia, uzito unaandikwa. Akiwa ametimiza miezi 18 anachomwa chanjo ya pili ya surua na rubela. "Uzito umepanda, mama, hongera," anasema muuguzi, na foleni inasogea.

Picha hiyo haina upekee wa Nanyala. Ndivyo siku ya kliniki inavyokwenda katika kata nyingi za Wilaya ya Mbozi na za Tanzania nzima. Baada ya chanjo hiyo ya miezi 18 mtoto ataendelea kuletwa kupimwa, kupewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, ila hakuna tena sindano ya utotoni inayomdai arudi tarehe fulani. Mama mwenye shamba la kahawa la kupalilia ataanza kuruka miezi. Na ni umri huohuo wa miezi 18 ambao Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinautaja kuwa wa kumpima kila mtoto kwa mara ya kwanza kama ana dalili za usonji, kisha kumpima tena akifika miezi 24. Kwa hiyo wakati ambao madaktari hao wanashauri swali liulizwe, mtoto wa Nanyala yupo kliniki, mama yake yupo, na mhudumu yupo mbele yao. Inabaki kuuliza: akiitwa jina hugeuka? Huonyesha kitu kwa kidole ili mama naye akitazame?

Majibu ya maswali hayo mawili hayatoshi kumpa mtoto jina la ugonjwa wala la hali yoyote. Yanatosha kumfanya mtu asiseme "tusubiri".

Wangapi

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayogusa jinsi mtoto anavyowasiliana na anavyochangamana na watu, ikiambatana na kurudiarudia matendo, kushikilia utaratibu uleule, au kuumizwa na sauti, mwanga na miguso ambayo haiwasumbui wengine. Daktari Leo Kanner aliieleza mwaka 1943 nchini Marekani kwa kuandika habari za watoto 11. Leo inafahamika kuwa ni wigo mpana: yupo asiyesema kabisa hadi ukubwani, na yupo anayesoma hadi chuo kikuu lakini hawezi kukaa sokoni dakika tano kwa sababu ya kelele.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Karibu na hapa, Daktari Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa watoto 1,169 wa Kampala na Wakiso nchini Uganda, wa miaka miwili hadi tisa. Walipata wanane wenye usonji, sawa na 6.8 kwa kila 1,000, kiwango kisichopishana sana na hicho cha dunia. Mkoa wa Songwe ambamo Mbozi imo, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.3 katika sensa ya 2022. Kama kiwango cha dunia kinafaa kutumika hapa, wenye usonji mkoani ni zaidi ya 10,000. Wengi wao hawajawahi kuitwa hivyo. Wameitwa bubu, zezeta, mkaidi, au mtoto aliyedekezwa.

Neno la kufariji linalochelewesha

Mtoto asiposema akiwa na miaka miwili, ushauri haukosekani. Bibi atasema watoto wa kiume huchelewa kusema, hata baba yake alisema akiwa na miaka mitatu. Jirani atasema ni udata, akatwe chini ya ulimi. Mwingine atalaumu lugha: nyumbani Kinyiha, dukani Kiswahili, mtoto kachanganyikiwa. Katika kila neno kuna chembe ya ukweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ni kweli wavulana wengine huchelewa, lakini pia usonji hutambuliwa kwa wavulana mara tatu hadi nne zaidi kuliko kwa wasichana, kwa hiyo kauli ya bibi inamfariji zaidi yule anayestahili kupelekwa haraka. Udata upo, lakini huzuia ncha ya ulimi kwa baadhi ya sauti. Haumzuii mtoto kugeuka anapoitwa wala kunyoosha mikono abebwe. Na lugha mbili hazisababishi usonji. Watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili hawaonekani kuwa nyuma ya wenzao wenye lugha moja, hivyo mama anayeambiwa aache Kinyiha ili mtoto apate Kiswahili ananyang'anywa lugha anayoijua zaidi kumbembelezea.

Baada ya ushauri wa jirani huja safari ya tiba. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, wakiongozwa na Joseph Gona, walichapisha mwaka 2015 mahojiano na wazazi na wataalamu kuhusu wanavyouelewa usonji. Walitajiwa mapepo, uchawi na laana, yakatajwa pia maambukizi, matatizo ya uzazi na urithi. Njia za tiba walizotajiwa nazo zilikuwa nyingi: kwenda kwa mganga, kwa maombi na hospitali. Msomaji wa Mbozi hatashangaa. Kila kituo katika safari hiyo hula pesa, na hula pia miezi ya mtoto.

Ila kulitupa jambo zima kwenye kapu la imani za kishirikina ni kosa la aina nyingine. Mwaka 2006 timu iliyomjumuisha Noah Ndosi, daktari wa afya ya akili wa Muhimbili, ilichapisha uchunguzi wa watoto 20 nchini Tanzania. Kumi na wanne kati yao walitimiza vigezo vyote vya usonji, na saba katika hao walianza kuonyesha hali hiyo baada ya kuugua malaria kali au maambukizi mengine mazito. Kwa watatu uhusiano na malaria ulionekana wa kuaminika zaidi; kwa wanne ulibaki na mashaka. Kundi ni dogo, na halithibitishi kwamba malaria huleta usonji kwa ujumla. Linamfundisha mhudumu kumsikiliza mama anayesema, "Alikuwa anasema, akapata degedege, akanyamaza." Mtoto huyo anahitaji kupimwa masikio, kuulizwa habari za kifafa, na kuangaliwa kwa ukaribu, badala ya mama yake kuambiwa anakumbuka vibaya.

Dai moja limekwisha kuchunguzwa na kufungwa: chanjo. Uvumi ulianza na makala ya Andrew Wakefield na wenzake ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12, katika jarida la Lancet, ambalo liliifuta makala hiyo mwaka 2010. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 657,461 na hawakuona uhusiano kati ya chanjo ya surua na usonji. Uvumi unadumu kwa sababu ya kalenda: dalili huanza kuonekana wazi katika miezi ileile ambayo sindano huchomwa. Kalenda hiyohiyo ndiyo inayoifanya kliniki ya chanjo kuwa mahali pazuri pa kuziona.

Saa arobaini kwa wiki

Mtoto akishatambuliwa, afanyiwe nini? Hapa ndipo mabishano ya wataalamu yalipo, na yana umri wa karibu miaka arobaini.

Mwaka 1987 Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitangaza matokeo yaliyowafanya wazazi wa nchi tajiri wakimbilie mahakamani na kwenye bima. Watoto 19 chini ya miaka minne walipewa mafunzo ya tabia ya mtu mmoja kwa mmoja, saa 40 kwa wiki, kwa miaka miwili au zaidi. Jambo kubwa lilikatwa vipande vidogo, kila kipande kikarudiwa na kutuzwa hadi kikamkaa mtoto. Tisa kati yao walimaliza darasa la kwanza katika shule za kawaida wakiwa na kiwango cha kawaida cha akili. Wakosoaji walieleza kuwa makundi hayakupangwa kwa bahati nasibu, na kwamba programu ya awali ilitumia adhabu, ikiwemo kupiga. Baadaye watu wazima wenye usonji wakaongeza lalamiko lao: kwamba mafunzo mengi ya aina hiyo yaliwafundisha kuificha hali yao kwa watu, wakaishi wamechoka.

Mkondo wa pili ulichukua njia nyingine. Sally Rogers na Geraldine Dawson walitengeneza Mfano wa Denver wa Kuanza Mapema, ambamo mafunzo hufanyika sakafuni, katika mchezo, mtoto akiongoza na mkubwa akifuata. Utafiti wao wa mwaka 2010 uliwapanga watoto 48 wa miezi 18 hadi 30 kwa bahati nasibu. Baada ya miaka miwili, waliopata mafunzo hayo walipanda kwa wastani wa pointi 17.6 katika kipimo cha akili, wenzao pointi 7. Habari iliyosambaa ni ya pointi. Iliyopita kimyakimya ni ya saa: wataalamu walikaa na kila mtoto takriban saa 15 kwa wiki, na wazazi, waliofundishwa mbinu zilezile, wakaongeza saa nyingine kama 16 katika kula, kuoga na kucheza. Nusu ya kazi ilifanywa na watu wasio na cheti.

Kwa Nanyala hesabu ya Lovaas haipigiki. Saa 40 ni wiki nzima ya kazi ya mtumishi mmoja wa serikali, kwa mtoto mmoja. Lakini ile nusu ya pili ya saa za Denver, nusu ya wazazi, iko katika kila nyumba.

Kikombe cha uji

Mkondo wa tatu umejengwa juu ya nusu hiyo. Nchini Uingereza utafiti uitwao PACT, wa watoto 152 kutoka London, Manchester na Newcastle, haukumgusa mtoto moja kwa moja. Mtaalamu alimrekodi mzazi akicheza na mwanawe, kisha wakaitazama video pamoja: hapa alikutazama, hukuona, hapa ulimwahi kabla hajajaribu kuomba. Matokeo ya kwanza, mwaka 2010, hayakuvutia. Dalili za usonji zilipungua kidogo tu. Timu iliporudi kuwapima watoto takriban miaka sita baadaye, asilimia 46 ya waliopitia programu walikuwa katika kundi la dalili kali, dhidi ya asilimia 63 ya wengine. Ni tofauti ya wastani, na ilichukua muda kuonekana.

Je, inawezekana bila mtaalamu? Mwaka 2016 watafiti walichapisha jibu kutoka Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistan. Programu hiyo ilirahisishwa na kukabidhiwa wahudumu wa kawaida wa jamii, vikao 12 kwa miezi minane, watoto 65. Wazazi walijifunza kuitikia ishara za watoto wao na watoto wakaanza mawasiliano wenyewe mara nyingi zaidi. Si kila kipimo kilipanda: muda wa mama na mtoto kutazama kitu kimoja kwa pamoja ulipungua. Hata hivyo hoja kuu ilisimama. Mtu asiye daktari, akifundishwa na kusimamiwa, anaweza kuifanya kazi hii.

Shirika la Afya Duniani lina programu yake ya aina hiyo, Mafunzo ya Stadi kwa Walezi, kwa familia za watoto wa miaka miwili hadi tisa wenye kuchelewa kukua: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani. Imejaribiwa Ethiopia, na utafiti uitwao SPARK umeipeleka katika nchi hiyo na Kilifi, ambako watu wanazungumza Kiswahili na kuishi maisha yanayofanana zaidi na ya Songwe kuliko ya Los Angeles. Dar es Salaam nako Profesa Karim Manji wa Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili na mwanasaikolojia Ashley Johnson Harrison wa Marekani walibuni mafunzo mafupi kwa wazazi wa Kitanzania, wakaeleza kazi hiyo mwaka 2016.

Ukiyavua majina yake, mafunzo haya yanafika jikoni. Mama anashika kikombe cha uji. Kwa mazoea angemnywesha mtoto moja kwa moja, maana akikawia kilio kitaanza. Sasa anakiinua usawa wa uso wake, anasema "uji", anasubiri. Hesabu ya moja hadi tano kimoyomoyo. Mtoto akitazama, akinyoosha mkono au akitoa sauti yoyote, anapewa funda mara moja, na neno linarudiwa: uji. Kesho ni hivyohivyo kwa sabuni, kwa ndizi, kwa kiatu. Mtoto akipiga sufuria kwa mwiko, mama naye anachukua mwiko mwingine anamwiga, na mara nyingi ni hapo mtoto anapoinua macho kuona ni nani aliyeingia katika mchezo wake. Asiyesema anapewa njia nyingine ya kuomba: kuleta kikombe kitupu maana yake maji, kuleta khanga maana yake twende. Wazazi huogopa kwamba ishara na picha zitamfanya mvivu wa kusema. Tafiti hazioneshi hivyo, na kwa baadhi ya watoto maneno huja yakifuata ishara.

Sehemu ngumu zaidi ya mafunzo ni ya hasira. Mtoto anajitupa chini sokoni Mlowo, watu wanakusanyika, fimbo inatafutwa. Mlezi anafundishwa kurudi nyuma na kuuliza ni nini kilichotangulia: mlio wa pikipiki, njaa, njia iliyobadilishwa, ombi lisiloeleweka. Akilijua, anaweza kulizuia kabla halijatokea. Kwa mzazi aliyelelewa akiamini kwamba mtoto asiyechapwa huharibika, kikao hicho huzua ubishi kuliko vingine vyote, na mwezeshaji asiyeruhusu ubishi huo atapoteza wazazi.

Nani atauliza

Tanzania ina watu wanaoijua kazi hii. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam ina kitengo cha wanafunzi wenye usonji. Lushoto kuna Shule ya Irente Rainbow ya Kanisa la Kilutheri, na mkoani Kilimanjaro kuna Kituo cha Gabriella. KCMC mjini Moshi imefundisha wataalamu wa tiba kazi, wale wanaomzoesha mtoto kula, kuvaa na kucheza, na Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha hufundisha walimu wa elimu maalumu. Taasisi kama Lukiza Autism Foundation zimeufanya usonji uzungumzwe redioni na barabarani. Kenya ina kitengo cha Shule ya Msingi City, Nairobi, kilichoanza mwaka 2003, na Ethiopia ina Kituo cha Joy kilichoanzishwa na Zemi Yenus, mama wa mtoto mwenye usonji, mwaka 2002.

Ramani ya taasisi hizo inaonyesha mambo mawili. La kwanza ni umbali: kutoka Nanyala hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na Moshi au Lushoto si karibu zaidi. La pili ni umri. Nyingi ni shule, na shule humpokea mtoto akiwa na miaka mitano, sita au zaidi. Kati ya chanjo ya miezi 18 na darasa la awali kuna zaidi ya miaka mitatu ambayo ubongo unajijenga kwa kasi kubwa kuliko utakavyofanya tena, na hiyo ndiyo miaka ambayo mtoto wa kijijini hana ofisi inayomngoja. Hilo halimaanishi kwamba wa miaka saba amechelewa kabisa. Watoto wakubwa hujifunza pia. Linamaanisha kwamba kazi ya nyumbani huwa nyepesi zaidi kabla kilio hakijageuka kuwa lugha yake.

Mifumo ya kuziba pengo hilo ipo kwenye karatasi za serikali. Desemba 2021 Tanzania ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya watoto wa miaka 0 hadi 8. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapatao 137,294 nchi nzima kwa miaka mitano, watu wa kijiji walewale wanaopita kaya kwa kaya. Programu ya kwanza inataja makuzi. Mpango wa pili una miguu ya kufika mlangoni. Vikikutana, vinafanana sana na kilichojaribiwa Goa na Kilifi.

Dodoso la kutafuta dalili za usonji nalo lina mitego yake. M-CHAT-R, linalotumika sana duniani kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, lina maswali 20 ya ndiyo au hapana. Kulitafsiri tu hakutoshi. Swali la kumtazama mtu machoni linagonga mahali ambapo mtoto hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa; ingawa wa miezi 18 hajafika kwenye adabu hiyo, mama anayejibu anaweza kuona fahari kusema "hapana". Swali la mchezo wa kuigiza linahitaji mifano ya kwake: mwanasesere wa gunzi la mahindi amefungwa mgongoni, kigari cha waya, chai ya matope. Tena dodoso huwanasa wengi wasio na usonji, wakiwemo wenye masikio mabovu. Hiyo si hasara pale ambapo hatua ya pili ni kupima masikio na kumpa mama vikao vya kuchochea mazungumzo, maana vyote viwili humfaa mtoto yeyote aliyechelewa kusema. Inakuwa hasara pale mhudumu anapolitamka neno usonji mbele ya foleni na kumwacha mama aondoke nalo peke yake.

Kwa kata moja, basi, mahitaji yanaweza kuorodheshwa bila ndoto. Maswali mawili ya kila mtoto katika chanjo ya miezi 18, na dodoso refu kwa wale ambao majibu yao yanatia shaka. Mhudumu mmoja wa jamii aliyefundishwa, anayesimamiwa kwa simu na mtaalamu aliye Mbeya au mbali zaidi. Rufaa ya masikio na kifafa kwenda hospitali iliyo karibu, Vwawa au Mbeya. Chumba kisichotumika alasiri, darasa au kanisa. Familia sita au saba zenye watoto waliochelewa kusema, kina baba wakialikwa kwa majina yao kwa sababu nauli na uamuzi wa kwenda kwa mganga mara nyingi viko mikononi mwao. Vikao tisa, kimoja kila wiki, vipangwe nje ya msimu wa kuchuma kahawa. Ziara tatu za nyumbani, moja yake wakati wa uji.

Muuguzi wa siku ya kliniki hahitaji kuyajua yote hayo. Yeye, akiisha kuandika uzito na kufungua kichupa cha chanjo, ana kama nusu dakika kabla mtoto hajaanza kulia. Inatosha kumwita mtoto jina lake kutoka nyuma na kuangalia kama atageuka.